Akiba ya Msitu Iko Wapi?

Ndugu mfanyakazi, ukipata nafasi siku ya Jumapili, fanya jaribio moja dogo. Halihitaji fedha wala elimu kubwa. Tafuta makarai mawili, au debe moja lililokatwa katikati. Nenda pale shamba la chai linapokoma na msitu wa mlimani unapoanza, mahali ambapo unaruhusiwa kufika. Ondoa majani makavu, chota udongo wa juu, kina cha vidole vitatu tu, ujaze karai la kwanza. Kisha nenda kwenye shamba la mahindi ambalo limelimwa miaka kumi au ishirini, uchote udongo wa kina kile kile, ujaze karai la pili. Yaweke yote mawili uani penye mwanga, uyafunike kwa kipande cha chandarua ili upepo na ndege wasilete mbegu nyingine, na uyanyunyizie maji kila siku. Usipande kitu. Ngoja tu.

Baada ya majuma machache makarai yote mawili yatakuwa ya kijani. Udongo uliodhani ni mtupu ulikuwa umejaa mbegu zilizolala. Karai la shambani litatoa magugu yale yale unayopigana nayo kila msimu, kishona-nguo na wenzake. Karai la msituni litatoa majani ya aina nyingi, na pengine miche michache ya ile miti laini inayoota upesi mahali palipofyekwa. Lakini tafuta mche wa podo, au wa mti mwingine mkubwa wa aina ile iliyokuwa imesimama juu ya kichwa chako ulipokuwa ukichota udongo. Huenda usiuone hata mmoja.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Ikiwa miti mikubwa haikuweka mbegu zake udongoni, akiba ya msitu iko wapi? Na je, jambo hili linamhusu nini mtu anayechuma chai au anayesukuma kuni kwenye tanuri la kiwanda? Linamhusu sana, kama tutakavyoona, kwa sababu mara nyingi akiba hiyo imo mikononi mwa mfanyakazi mwenye fyekeo.

KISA CHA KIPANDE CHANGU

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana niliwekwa katika kikosi cha kufyeka mpaka wa shamba moja la chai lililopakana na msitu. Kulikuwa na bonde lililokatwa miti zamani, na uongozi wa shamba ulitaka bonde hilo lirudi kuwa msitu, kwa kuwa kijito kilichotoka humo kilikuwa kinapungua. Tulipewa kazi ya kipande: hatua kadhaa kwa hatua kadhaa, ukimaliza unaandikiwa siku, usipomaliza huandikiwi. Nyapara alipita na fimbo yake kupima. Alitazama kama kipande kimekuwa cheupe, basi.

Tulifyeka kila kitu. Mzee mmoja wa kikosi chetu alikuwa akichelewa kila siku. Alifyeka kwa kuzunguka-zunguka, akiacha vijiti vyembamba vimesimama. Siku moja nilimcheka. Akaniita akaniambia, “Mwanangu, hicho ulichokata sasa hivi si gugu. Ni podo. Kimekaa hapo kabla hujaja kazini.” Nilitazama. Kilikuwa kijiti cha kimo cha goti, chenye majani machache. Nilidhani ananitania.

Mwaka uliofuata tuliletwa tena bonde lile lile, safari hii kupanda miche kutoka kitaluni. Ilinunuliwa, ikasafirishwa kwa trekta, ikapandwa, na mingi ikafa kwa jua la kiangazi. Miche niliyoikata mimi bure ilikuwa imekwisha kushika mizizi, na haikudai hata ndoo moja ya maji. Yule mzee alikuwa amekwisha kukatwa siku nyingi katika daftari la nyapara kwa sababu ya uvivu. Hakuwa mvivu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifanya kazi tuliyotumwa kufanya.

BENKI YA UDONGONI

Wataalamu wa misitu huita mbegu zilizolala ardhini benki ya mbegu. Jina ni zuri, maana wengi wetu tunajua chama cha akiba na mikopo: unaweka kidogo kidogo, na siku ya shida unachukua. Mti huangusha mbegu kila msimu. Nyingine huoza, nyingine huliwa na panya na wadudu, nyingine huzama polepole pamoja na majani yanayooza, zikalala. Siku mti mkubwa unapoanguka na mwanga ukafika chini, zile zilizolala huamka.

Wataalamu huipima benki hii kwa njia ile ile ya karai, ila kwa uangalifu zaidi: huchota udongo tabaka kwa tabaka, huutandaza katika trei ndani ya nyumba maalumu, na kuhesabu kila kinachoota. Mwaka 1995 mtaalamu wa Ethiopia, Demel Teketay, pamoja na mwenzake Anders Granström wa Uswidi, walitangaza matokeo ya kazi ya namna hiyo katika misitu ya milimani ya Ethiopia. Waliona kwamba katika mita moja tu ya mraba, kuanzia majani makavu ya juu hadi kina cha sentimita 9, mlikuwa na mbegu hai zaidi ya 10,000. Ni hesabu ya kutisha. Mahali unapoweza kutandika mkeka mdogo, pamelala mbegu nyingi kuliko watu wa mji mdogo.

Lakini walipoangalia mbegu hizo ni za nani, waliona jambo lile uliloliona wewe katika karai. Sehemu kubwa zilikuwa za majani na mimea midogo. Miti, ambayo ndiyo iliyoutawala msitu kwa macho, ilikuwa na mbegu chache mno udongoni. Mwenye shamba, kwa kusema hivyo, hakuwa na fedha benki. Wenye fedha walikuwa wapangaji wadogo.

KWA NINI MTI MKUBWA HAUWEKI AKIBA UDONGONI

Sababu yake ni maisha ya mbegu yenyewe. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya miti tangulizi, ile inayokimbilia mahali peupe: Trema, Macaranga, na jamaa zao. Mbegu zao ni ndogo, kavu, na nyingi. Zinaweza kulala muda mrefu zikisubiri. Ajabu yake ni kwamba zinajua kama juu kuna miti au hakuna. Mwanga wa jua umechanganyika rangi nyingi, kama tunavyoziona katika upinde wa mvua. Jani la kijani hunyonya ile rangi nyekundu ili kujitengenezea chakula, na huacha ipite nyekundu nyingine ya mwisho kabisa ambayo jicho la mtu haliioni vizuri. Mbegu ndogo ina kipimo ndani yake cha kutofautisha nyekundu hizo mbili. Ikipata mwanga uliochujwa na majani, hukaa kimya. Ikipata mwanga kamili, huota. Nyingine huamshwa na joto: chini ya miti udongo una ubaridi mmoja mchana na usiku, lakini mahali peupe udongo hupata moto mchana na kupoa usiku, na badiliko hilo ni kama king’ora cha asubuhi kwa mbegu.

Njia ya pili ni ya miti ya kivulini, ile inayochukua miaka mingi na kuwa mbao ngumu. Wengi wao wana mbegu kubwa, zenye maji na chakula cha kutosha ndani. Chakula hicho ni cha kumlisha mche katika giza la msitu. Lakini mbegu ya namna hiyo haiwezi kulala. Ikikauka, inakufa. Ikichelewa, panya wanaila. Kwa hiyo huota upesi. Mche ukishatoka hukaa pale chini, na ukuaji wake ni wa polepole sana, mwaka baada ya mwaka, ukingoja mti ulio juu yake uanguke. Ni mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa umri. Kijiti changu cha kimo cha goti kilikuwa katika jeshi hilo.

Basi akiba ya msitu wa mlimani haiko mahali pamoja. Iko katika vitabu vinne.

Kitabu cha kwanza ni mbegu zilizolala udongoni, ambazo nyingi ni za majani na za miti tangulizi.

Kitabu cha pili ni miche iliyosimama kivulini, ambayo ndiyo akiba ya miti mikubwa.

Kitabu cha tatu ni visiki na mizizi. Kuna miti inayochipua upya baada ya kukatwa. Mkulo, ule mti wa mbao nzuri wa Kilimanjaro na Usambara, ambao Kenya huitwa kamfa, hutegemea sana machipukizi ya mizizi yake, kwa kuwa mbegu zake huharibika upesi na nyingi hushambuliwa na wadudu.

Kitabu cha nne ni mbegu zinazoletwa kutoka mbali na upepo na wanyama. Hondohondo, njiwa wa porini, popo, nyani na sokwe hula matunda mahali hapa na kuacha mbegu mahali pale. Hao ndio vibarua wa msitu, na hawajawahi kudai mshahara.

AKIBA HULIWA NAMNA GANI

Mtu anaweza kufilisi vitabu hivi kimoja kimoja. Mti mmoja ukiangushwa na upepo, vitabu vyote vinne hubaki salama na pengo huzibika. Msitu ukikatwa kwa mashine nzito, matrekta yakiburuta magogo huku na huku, miche ya kitabu cha pili husagwa. Moto ukipita, miche huungua yote, na mbegu za udongo wa juu huungua pia. Tukumbuke kwamba mbegu nyingi hukaa katika sentimita chache za juu, hapo hapo moto unapochoma.

Lakini linalomaliza kabisa ni jembe la miaka mingi. Kila ukilima, unaamsha mbegu zilizolala na kuziua kwa palizi. Wakati huo huo magugu ya shambani yanaweka akiba yao badala yake. Mulugeta Lemenih na Demel Teketay walilichunguza jambo hili pia huko Ethiopia, katika mashamba yaliyokuwa msitu. Walilinganisha mashamba yaliyolimwa miaka michache na yale yaliyolimwa zaidi ya miaka 50. Kadiri miaka ya kilimo ilivyozidi, ndivyo mbegu za miti na vichaka zilivyopungua udongoni, na magugu yakashika nafasi. Ndiyo maana shamba la zamani ukiliacha tu halirudi kuwa msitu haraka. Benki ipo, ila fedha zilizomo ni za watu wengine.

KIBALE: MISONOBARI ILIYOLEA MSITU

Tutazame sasa msitu ambao wengi wetu wa mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda tunaujua kwa macho. Kibale, karibu na Fort Portal, uko kwenye nyanda za juu, na upande wake wa kaskazini unafika kimo cha mita 1,500 hivi. Ulikuwa msitu wa serikali wa kukata mbao, na mwaka 1993 ukawa hifadhi ya taifa.

Katika miaka ya 1960 baadhi ya sehemu zake zilikatwa kwa mashine. Mtaalamu wa Uganda, John Kasenene, alichunguza katika miaka ya 1980 jinsi sehemu hizo zilivyokuwa zikirudi. Tungetegemea kwamba baada ya miaka ishirini miti ingekuwa imejaa. Sivyo ilivyokuwa mahali palipokatwa sana. Mapengo yalikuwa makubwa, na majani marefu na vichaka vya miiba viliyajaza yakawa kama blanketi. Chini ya blanketi panya walizidi, wakala mbegu na miche. Tembo nao walipenda malisho hayo mabichi, wakaja mara kwa mara, wakivunja miti michanga iliyojaribu kutoka. Msitu ulikwama. Mahali palipokatwa miti michache tu, mambo yalikwenda vizuri zaidi, kwa sababu vitabu vya akiba havikufutwa vyote.

Hapo hapo Kibale kuna habari ya upande wa pili. Serikali ilikuwa imepanda misonobari katika sehemu za nyasi ndani ya msitu kwa ajili ya mbao. Watu walidhani chini ya misonobari hapaoti kitu. Colin Chapman na Lauren Chapman walichunguza, na mwaka 1996 wakatangaza kwamba miti mingi ya asili ilikuwa imeota yenyewe chini ya misonobari ile. Msonobari ulikuwa umeua nyasi kwa kivuli chake, na pasipo nyasi moto haukupita. Wanyama na ndege wakaingia kutoka msitu wa jirani wakiwa na mbegu matumboni. Demel Teketay na wenzake waliona jambo la namna hiyo katika mashamba ya miti huko Ethiopia.

Tujifunze hapa. Mti wa kigeni haukuwa adui wala mwokozi. Ulikuwa mwavuli. Kazi iliyobaki ilikuwa ya msitu wa jirani uliokuwa bado na miti mama na wanyama. Kama msitu huo ungekuwa umekwisha, chini ya misonobari pangebaki patupu. Na siku ya kuvuna misonobari, kila kitu hutegemea mvunaji: akiangusha ovyo, anaua mtoto pamoja na yaya.

NYUNGWE: KANGAGA NA MOTO

Tuvuke mpaka twende Rwanda, kusini-magharibi, kwenye msitu wa Nyungwe. Huu ni msitu wa mlimani hasa, wenye baridi na ukungu, na eneo lake ni kilomita za mraba 1,000 hivi. Maji yake hushuka pande mbili: upande mmoja mto Kongo, upande mwingine Nile. Mwaka 2023 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Pembeni yake yamo mashamba ya chai ya Gisakura na Kitabi, na wachumaji huko hufanya kazi wakiutazama msitu kila asubuhi.

Mwaka 1997, wakati wa ukame, moto uliunguza maelfu ya hekta za Nyungwe. Moto wa warina asali unatajwa miongoni mwa vyanzo vyake. Baada ya moto hapakurudi miti. Palirudi kangaga, lile jani la porini lenye umbo la unyoya mpana. Kangaga halihitaji mbegu udongoni. Shina lake hulala chini ya ardhi, mahali moto usipofika, na mara mvua inaponyesha huchipua kila upande. Majani yake huziba mwanga, na mwanga ukizibwa mche wa mti hufa. Majani hayo yakikauka wakati wa kiangazi huwa kuni tayari kwa moto mwingine. Moto huleta kangaga, na kangaga huleta moto. Hiyo ndiyo kufuli iliyofungwa mlimani.

Iliyoanza kuifungua kufuli hiyo ilikuwa kazi ya mikono. Watu wa hifadhi na watafiti walijaribu kufyeka kangaga kwa kurudia-rudia, huku wakiacha kila mche wa mti waliouona. Miche ya miti ilipata mwanga ikaanza kupanda. Mti wa Macaranga, ambao ni wa kwanza kurudi Nyungwe, ukifika juu hutoa kivuli, na kivuli hicho hudhoofisha kangaga. Baadaye miti ya kivulini hupata mahali pa kuanzia. Jina la kitaalamu la kazi hiyo ni kusaidia msitu ujirudishe. Yule mzee wa kikosi chetu alikuwa akiifanya bila kuijua kwa jina.

Lakini Nyungwe inatufundisha pia hasara isiyorudishwa kwa fyekeo. Tembo wa mwisho wa msitu huo aliuawa mwaka 1999. Tembo humeza matunda makubwa ambayo ndege hawezi kuyabeba, na huyapeleka mbali. Siku alipokufa yule wa mwisho, ukurasa mmoja wa kitabu cha nne ulichanwa.

USAMBARA: MGENI ALIYEJAZA BENKI

Nchi ya tatu ni Tanzania, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki, huko Amani, ambako pia mashamba ya chai na msitu vimeshikana. Wenzetu wa Uganda wanaujua mti uitwao musizi. Huko Usambara huitwa mhesi, na si mwenyeji. Uliletwa wakati wa ukoloni, na baadaye ukapandwa kwa wingi. Huzaa matunda mengi, na hondohondo huyapenda mno. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 msitu ulipokatwa mbao kwa mashine, mapengo makubwa yalifunguka, na hondohondo wakayajaza kwa mbegu za mhesi. Mti mzuri wa Uganda ukawa tatizo Usambara, kwa sababu ulikuta milango wazi. Ukataji huo wa mashine ulisimamishwa, na mwaka 1997 ikaundwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Fundisho lake ni fupi. Pengo lolote litajazwa. Litajazwa na yule mwenye akiba karibu. Tukiangamiza miti mama ya asili, tusishangae tukiona wageni na magugu wamejaa.

HAYA YANAMHUSU NINI MFANYAKAZI?

Ndugu zangu, wako watakaosema: “Sisi tunadai mishahara na nyumba, mambo ya mbegu tuwaachie mabwana misitu.” Nawaomba wafikiri tena.

Kwanza, maji. Kijito kikipungua, kiwanda kina tangi na pampu. Nyumba ya meneja ina bomba. Anayetembea mbali na ndoo ni mke wa mfanyakazi na mtoto wake, kutoka kambini hadi bondeni. Msitu wa mlimani hunyonya mvua na ukungu na kuutoa polepole. Udongo mtupu huuachia wote siku moja, nao hushuka na matope.

Pili, kuni. Majani ya chai hayakauki bila moto, na viwanda vingi vya chai hukausha kwa kuni. Kiwanda kisichopanda mikaratusi yake ya kutosha kitanunua kuni bila kuuliza zimetoka wapi. Mwisho wake ni kumfuata mwenzetu aliyekamatwa na mzigo wa kuni kichwani, huku lori zima likipita mchana.

Tatu, na hili ni la chama moja kwa moja: namna tunavyolipwa. Kazi ya kurudisha msitu haiwezi kupimwa kama kazi ya kufyeka barabara. Ukimlipa mtu kwa ukubwa wa kipande, unamlipa ili akate kila kitu, na anayeacha mche anajikata mshahara mwenyewe. Hilo si kosa la fyekeo wala la mfyekaji. Ni kosa la hesabu. Kwa hiyo mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri unaweza kuwa na kifungu kinachosema kwamba ufyekaji katika maeneo ya kurudisha msitu ulipwe kwa siku, si kwa kipande; au kipande kiwe kidogo, na miche iliyohifadhiwa ihesabiwe pamoja na hatua zilizofyekwa. Wafyekaji wafundishwe kuitambua miche kabla ya kuanza, na kila mche uwekewe kijiti cha alama. Wazee wanaoijua miti wawe walimu, na wapewe malipo ya ualimu. Dawa za kuua magugu zisinyunyizwe mpakani mwa msitu. Zinaua miche, na zinamdhuru mwenye bomba mgongoni asiyepewa glavu wala barakoa.

Tusielewe vibaya. Sisemi kitalu hakina kazi. Mahali palipolimwa miaka mingi, ambapo udongo umebaki na magugu tu na hakuna mti mama karibu, lazima kupanda, na akina mama wa kitaluni wanafanya kazi yenye thamani kubwa. Lakini mahali ambapo msitu bado uko jirani, na miche bado imesimama chini ya magugu, ni upotevu kuikata mwaka huu na kununua mingine mwaka ujao. Tena kazi hii ya kusaidia msitu haiondoi ajira. Kangaga hukatwa mara nyingi kabla ya kushindwa, njia za kuzuia moto husafishwa kila kiangazi, na miche hupaliliwa miaka kadhaa. Hiyo ni kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo iwe ya watu walioandikwa kazini, si vibarua wa wiki moja.

Siku hizi nikipita bonde lile nililolifyeka, naona miti michache tu imesimama upande mmoja. Ni upande wa vipande vya yule mzee. Chini ya miti hiyo kuna miche midogo, kimo cha goti.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katika shamba letu, je, kuna mahali panapofyekwa ili msitu urudi? Wafyekaji wanalipwa kwa siku au kwa kipande?

2. Nani katika tawi letu anaweza kuitambua miche ya miti ya asili? Tumemwomba lini mara ya mwisho atufundishe?

3. Kiwanda chetu kinapata wapi kuni zake? Mjumbe wetu aliwahi kuuliza swali hilo kikaoni?

4. Dawa ya magugu inapulizwa umbali gani kutoka msituni na kutoka kijito cha kambi? Wapulizaji wana vifaa vya kujikinga?

5. Fanyeni jaribio la makarai mawili mbele ya mkutano. Baada ya miezi miwili, hesabuni kilichoota, na mjumbe akipeleke kwa uongozi pamoja na madai yenu.